Zamu ya Usiku: Tarihi ya Ulinzi wa Mitaa ya Dar es Salaam

Kabla ya balozi wa nyumba kumi, kabla ya sungusungu, na kabla ya kijana wa ulinzi shirikishi apitaye saa nane za usiku akipuliza filimbi, mtaa wa Waswahili ulikuwa na mlinzi asiyelipwa ujira wala kuvaa sare, naye ni baraza. Nyumba iliyojengwa kwa desturi ya pwani, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ua kwa nyuma, ilielekeza uso wake njiani. Na juu ya baraza lake wazee walikaa tangu alasiri hata baada ya isha, wakicheza bao, wakipokea habari za mji, na pasipo kukusudia sana wakimpima kwa macho kila apitaye. Mgeni alisalimiwa, aliyesalimiwa hakuwa na budi kujibu, na katika majibu yake wenyeji walipata kujua atokako, amwendeaye, na kama yafaa aachwe aende zake au afuatwe na mtoto mmoja hata mwisho wa njia. Wizi ulikuwako, kwa kuwa hapajapata kuwa na mji usio na mwizi, lakini mwizi wa mtaa ule alikuwa na jina, mama yake alijulikana, na kitu kilichoibwa usiku aghalabu kilidaiwa asubuhi mlangoni pake.

Nayatanguliza haya kwa sababu tarihi ya usalama katika mitaa ya Dar es Salaam, kwa muda wa karne nzima, ni tarihi ya watawala waliojaribu kulifanya baraza kuwa idara: wakaliandikia kanuni, wakalipa cheo, na mwisho wakalitoza ada. Mara nyingine walifaulu kwa kitambo. Mara nyingine walizaa balaa kubwa kuliko ile waliyotaka kuiondoa.

Mji wenyewe ulianza kujengwa na Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1860, ukafanywa makao ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, ukaangukia mikononi mwa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nao wakaugawa kwa rangi za watu. Eneo la kwanza, lenye upepo wa bahari na nyumba zilizotengwa kwa bustani, lilikuwa Uzunguni. La pili, la maduka, Uhindini. Na la tatu, ng'ambo ya uwanda wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi makusudi ili kuwatenga watu, lilikuwa la Waafrika, yaani Kariakoo, na baadaye Ilala. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1919, makao yake ya kwanza yakiwa Lushoto. Na katika mji mkuu nguvu yake ya usiku ilitumika zaidi kuyahifadhi majumba ya Uzunguni na maduka ya Uhindini, ambako juu ya hayo kila tajiri aliweka korokoroni wake mlangoni na rungu lake. Kariakoo iliachiwa liwali, mawakili na majumbe. Mwafrika aliyeonekana usiku katika mitaa ya wakubwa bila ya sababu iliyoridhisha alikuwa mashakani papo hapo, ilhali yule aliyevunjiwa chumba chake Kariakoo aliliona hilo kuwa shauri la jirani zake na Mungu wake.

Vita Kuu ya Pili iliufurisha mji. Hesabu ya mwaka 1948 ilikuta watu 69,000 na ushei. Ile ya mwaka 1957 ilikuta 128,742. Serikali ya kikoloni iliutazama wingi huo kwa hofu, na mwaka 1944 ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa, ambayo kwayo kijana asiyekuwa na kazi ya kuonyesha aliweza kukamatwa na kurudishwa bara ingawa hakuiba hata sindano. Msako uliuzunguka mtaa, askari wakaingia nyumba hata nyumba, wakadai stakabadhi za kodi, na asiyekuwa nazo akachukuliwa. Wengi wa waliorudishwa makwao walirejea mjini baada ya muda mfupi. Kosa la siasa hiyo, kwa rai yangu, halikuwa ukali wake tu. Lilikuwa kumfanya mtu asiye na kazi na mwizi kuwa mtu mmoja, maana mtaa ambao watu wake wamezoea kuwaficha vijana wao wasionekane na askari hauwezi tena kumwita askari huyo siku uibiwapo. Mazoea hayo hayakwisha bendera iliposhushwa, na baadhi ya mambo nitakayoyasimulia mbele yana mzizi wake hapa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, serikali mpya ilianza kwa fimbo. Sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1963 iliamuru kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa kadhaa, miongoni mwao wizi wa aina fulani, uvunjaji wa nyumba na rushwa, afungwe si chini ya miaka miwili na achapwe viboko 24, navyo 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, hivi kwamba jamaa waliomngoja nje ya lango walimpokea akiwa na maumivu mapya. Kisha ikaja Januari 1964, askari wa kambi ya Colito walipoasi, maduka yakaporwa, watu wakauawa, na raia wa Dar es Salaam wakaonja kwa siku chache mji usio na dola.

Ni katika miaka hiyo ndipo TANU, chama kilichotawala, ilipoueneza mpango wake wa mashina ya nyumba kumi kumi, na ndipo alipozaliwa mtu ambaye kwa miaka thelathini hakuna mkazi wa mji aliyeweza kuishi bila ya kubisha hodi kwake: balozi, au mjumbe, wa nyumba kumi. Kazi yake kwa maandishi ilikuwa ya chama, yaani kukusanya ada, kueneza maazimio na kuita mikutano. Kazi yake kwa hakika ilikuwa kila kitu. Yeye ndiye aliyeamua ugomvi wa mume na mke usiku wa manane. Ndiye aliyeshuhudia kuuziana nyumba. Ndiye aliyetia sahihi barua ya mtu aendaye kutafuta kazi au kumdhamini ndugu yake aliye mahabusu. Na ndiye aliyepaswa kuarifiwa kila mgeni alipolala katika nyumba mojawapo. Polisi walipotaka kupekua chumba walianzia kwake, na kesi ilipofika mahakamani aghalabu yeye alisimama kuwa shahidi wa upekuzi ule.

Wako waliomwita balozi jasusi wa chama, nao hawakukosea kabisa, kwa kuwa aliyejua nani kaingia na nani katoka alijua pia nani kasema nini. Lakini ukimtazama kwa jicho la usalama peke yake, fadhila yake ilikuwa udogo wa milki yake. Nyumba kumi za Magomeni, kila moja ina vyumba sita na kila chumba kina watu wake, huenda zikawa nafsi mia mbili. Na nafsi mia mbili ni idadi ambayo mtu mmoja mwenye akili timamu aweza kuihifadhi kichwani, kwa sura, kwa kazi, na kwa saa za kurudi nyumbani. Redio iliyoibwa katika nyumba ya tatu haikuweza kupigwa katika nyumba ya nane. Balozi hakuwa na bunduki wala pingu; alikuwa na habari.

Mji ulimzidi. Mwaka 1967 ulikuwa na watu 272,821, na katika miaka ya 1970 ukaenea kwa kasi ambayo hakuna mpima ardhi aliyeweza kuifuata: Manzese ikafura pembeni mwa barabara ya Morogoro, na Buguruni, Tandale na Keko vivyo hivyo, nyumba zikijengwa mgongo kwa mgongo na vichochoro ambavyo gari la polisi haliwezi kupita. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza kutumika katikati ya miaka hiyo, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuipatia Manzese barabara na huduma, na huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa uliachana na fikira ya kubomoa. Lakini sambamba na busara hiyo iliendelea ile tabia ya kale. Mwaka 1976 ilikuja kampeni ya kila mtu kufanya kazi, na mwaka 1983, baada ya vita vya Kagera na katikati ya uhaba wa sukari, sabuni na sembe, ikaja sheria ya Nguvu Kazi, nayo ikawasomba vijana wa mjini kuwapeleka mashambani kama walivyosombwa babu zao chini ya sheria ya mwaka 1944. Hao nao walirejea.

Dawa iliyofuata ilitoka mahali ambapo hakuna mtu wa mjini aliyepatazamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Usukuma na Unyamwezi, wafugaji waliochoshwa na wezi wa ng'ombe wenye silaha, ambazo baadhi yake zilizagaa baada ya vita, walijikusanya kwa pinde na mishale, wakachagua viongozi wao kwa vyeo vya jadi, wakaweka ishara za kuitana usiku, na kuliita jeshi lao sungusungu, au busalama. Mwizi aliyetajwa alisakwa na kijiji kizima, hata vijiji vya jirani. Wizi wa mifugo ulipungua. Na wakati huohuo watu walipigwa pasipo ushahidi, na vikongwe waliotuhumiwa uchawi wakadhulumiwa. Polisi na mahakimu waliona sheria imenyang'anywa mikononi mwao. Chama kiliona wananchi wamejilinda, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa upande wa kuwaunga mkono. Ubishi huo ulimalizwa na Bunge mwaka 1989, kwa sheria iliyowapa walinzi hao wa jadi mamlaka ya kukamata yaliyofanana na ya mgambo.

Sungusungu waliingia Dar es Salaam kwa amri. Bwana Augustine Lyatonga Mrema, aliyepewa Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1990, hakuwa mtu wa kungoja ripoti. Aliwapa majambazi siku saba za kusalimisha silaha, na akaagiza kila mtaa ujilinde wenyewe. Zamu ziliandikwa katika daftari nyumba kwa nyumba, na mwanamume mzima ambaye hakutokea zamu yake alitozwa faini. Hivyo likatokea jambo ambalo tangu kuongezeka kwa mji lilikuwa limetoweka: mwalimu, dereva wa daladala, muuza samaki na karani wa benki, waliokaa ukuta kwa ukuta bila ya kujuana majina, walikesha pamoja hata adhana ya alfajiri, wakiwa na fimbo, tochi na birika la kahawa, wakizungumza habari za watoto wao. Mimi naamini kwamba mazungumzo yale yalizuia wizi kuliko fimbo zile. Wakazi wengi wa umri wangu wakiukumbuka mwaka 1991 hawakumbuki mwizi aliyekamatwa. Wanakumbuka waliokuwa nao zamu.

Hali hiyo haikudumu. Mwenye fedha aligundua upesi kwamba faini ni rahisi kuliko usingizi, akalipa na kulala. Kamati ikagundua kwamba faini ni mapato, ikaacha kuhimiza watu watokee. Na pengo la zamu likajazwa na vijana wasio na kazi waliolipwa kidogo, tena kwa kuchelewa, ambao baadhi yao walianza kujilipa wenyewe kwa kumsimamisha mfanyakazi wa zamu ya usiku, kumwuliza atokako, na kumwacha aende zake baada ya kutoa chochote. Kulikuwa na vyumba vya kufungia watu, na vipigo ambavyo havikuandikwa popote. Ilifika wakati katika baadhi ya mitaa msafiri aliyeshuka basi usiku aliwaogopa vibaka na walinzi kwa kiasi kimoja.

Mfumo wa vyama vingi, uliorejeshwa mwaka 1992, ulimwondoa mtu mwingine. Balozi alibaki kuwa kiongozi wa CCM, chama kilichoirithi TANU, na kwa jirani aliyejiunga na chama kingine hakuwa tena mtu wa kupelekewa siri za nyumbani. Mahali pake serikali iliweka mtaa wenye mwenyekiti anayechaguliwa, na uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika mwaka 1994. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, tena ulikuwa umechelewa. Ila mtaa si nyumba kumi. Mwenyekiti mwenye kaya maelfu hawezi kumjua mpangaji aliyehamia juzi, na barua ya utambulisho inayotolewa katika ofisi ya serikali ya mtaa, yenye muhuri wa duara na sahihi, mara nyingi humtambulisha mtu kwa watu wengine huku yule aliyeiandika akiwa hamtambui.

Nyumba nazo zilibadilika. Katika Tabata, Mbezi na Tegeta, waliofanikiwa walijenga mbali na njia, nyuma ya ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, wakatia nondo katika madirisha, wakafunga geti la bati nzito, na kumwajiri Mmasai wa kulala nje au kampuni ya ulinzi. Siwalaumu, kwa kuwa aliyevunjiwa mara mbili hana haja ya kuhubiriwa. Walakini ukuta huo uliliua baraza, na njia ya kati ya kuta mbili ndefu, isiyotazamwa na dirisha wala mzee yeyote, ndiyo njia ambayo kibaka huitaka kwa kumkaba mtu aendaye kituoni alfajiri.

Katika Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa na polisi jijini, wakidaiwa kuwa majambazi; tume iliyoundwa na Rais ilibainisha kwamba hawakuwa majambazi. Aibu ile, ikichanganyika na mlolongo wa ujambazi wa mabenki wa wakati huo, ilitangulia mabadiliko makubwa. Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeshika uongozi wa jeshi mwaka huohuo, alileta mpango wa polisi jamii, na kwa jina la ulinzi shirikishi zamu za mitaa zikahuishwa, zikiwa chini ya jicho la polisi wa kata. Mpango huo ulikiri jambo ambalo tangu mwaka 1919 jeshi halikulikiri waziwazi, kwamba askari asiyejulikana mtaani hapewi habari.

Ni kwa upungufu wa habari hizo ndipo takwimu za uhalifu zinapopaswa kusomwa kwa hadhari. Hesabu itolewayo na polisi ni hesabu ya waliofika kituoni wakaandikiwa RB, yaani namba ya taarifa yao. Aliyekwapuliwa simu Mbagala au aliyeibiwa mtungi wa gesi Kimara, akikumbuka nauli, foleni, na maswali atakayoulizwa kana kwamba mshitakiwa ni yeye, mara nyingi haendi kituoni. Kwa hiyo kituo kikianza kuaminiwa, idadi ya makosa yaweza kupanda, na kituo kikidharauliwa yaweza kushuka, bila ya mwizi mmoja kuongezeka wala kupungua.

Hofu, kwa upande wake, haingoji takwimu. Mwanzoni mwa Januari 2015 uvumi kwamba vijana wa Panya Road, waendao kwa makundi na mapanga, wameingia mitaani, ulifunga maduka na kuwakimbiza watu majumbani katika sehemu nyingi za jiji kwa usiku mmoja, na siku zilizofuata polisi wakakamata vijana kwa mamia. Mwaka 2022 jina hilohilo lilirudi baada ya mashambulizi yaliyoua, Kawe ikiwa miongoni mwa mitaa iliyoumia, na misako ikaanza upya. Vijana waliofanya unyama ule walistahili kukamatwa. Lakini kijana wa Kigogo aliyekamatwa kwa kuwa amesimama na wenziwe kijiweni, akalala mahabusu kisha akaachiliwa, amerudi kwao na somo lilelile walilopewa vijana waliosombwa kwa sheria ya mwaka 1944, na safari ijayo atakapomwona mwenye panga halisi hatakwenda kusema.

Lipo pia neno moja, mwizi, likipigwa kwa sauti mchana kweupe, ambalo limeua watu wengi nchini kuliko hukumu zote za mahakama. Taarifa za watetezi wa haki za binadamu zimekuwa zikihesabu kwa mamia, mwaka baada ya mwaka, waliouawa na makundi ya watu wenye hasira kwa mawe na tairi za moto. Aliyeuawa hivyo aghalabu ni mgeni katika mtaa ule. Mtoto wa mtaa, hata akiwa mwizi kweli, hupata mtu wa kumtaja jina na kumkinga.

Jirani zetu wa Kenya, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, waliuchukua mpango wa nyumba kumi kutoka kwetu, kwa jina lake lilelile la Kiswahili, na kuufanya sehemu ya usalama wa taifa lao. Waliuchukua wakati sisi wenyewe tumekwisha kuuacha uwe kumbukumbu ya chama, na walikuta haraka shida tuliyoikuta sisi: katika Nairobi ya maghorofa, nyumba kumi ni ngazi moja tu, na watu wa ngazi hiyo hukutana kwa bahati.

Jiji letu lilikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na hakuna atakayeyarudisha mabaraza ya Kariakoo. Ulinzi shirikishi ndio tulionao, nao katika mitaa mingi leo ni mchango wa kila mwezi unaokusanywa mlangoni, na vijana wachache ambao mchangaji hajawahi kuwaona usoni. Basi, msomaji, katika mkutano ujao wa mtaa wako simama uombe mambo matatu: majina ya walinzi yasomwe nao wenyewe wakiwapo, stakabadhi zitolewe kwa kila shilingi, na orodha ya zamu ya mwezi ibandikwe ukutani mwa ofisi, ikiwa na majina ya wenye nyumba na ya wapangaji pia, na la mwenyekiti likiwamo.